Fundo la Kitambaa Chekundu

Kitu cha kwanza kilikuwa sisimizi. Walikuwa wakielea kwenye kikombe cha chai cha fundi, wengine bado wakipiga miguu, naye fundi akakiinua kikombe, akanywa mpaka tone la mwisho, akapangusa midomo na kusema leo chai imekolea. Binti yake alikuwa amechuchumaa karibu naye akisugua kichwa cha betri kwa msasa. Alifungua kinywa amwambie, kisha akakifunga. Huyu alikuwa baba ambaye zamani, akikuta unywele mmoja tu kwenye chai, angeimwaga yote na kudai nyingine. Siku ile binti alijiambia kwamba pengine baba ana mawazo.

Fundi huyo alikuwa fundi wa umeme wa magari, na watu walimwita Cheche. Jina hilo alilipata ujanani, kwa tabia yake ya kugusanisha nyaya ili kuona kama betri ina nguvu, cheche ziruke naye acheke. Alikuwa mtu wa mizaha. Alipenda kuwaambia wateja kwamba umeme ni kama mkwe: ukimheshimu mtakaa vizuri, ukimchezea atakuaibisha mbele za watu. Karakana yake ilikuwa banda la mabati lililoegemea ukuta wa nyumba, na kati ya banda na nyumba palikuwa na mlango ambapo mkewe aliweka cherehani yake, apate mwanga na apate kusikia mizaha ya mumewe. Kelele za nyundo na za cherehani zilikwenda pamoja mchana kutwa.

Binti yao alikuwa mtu wa maneno machache. Akiulizwa jambo alijibu nusu, nusu nyingine akaimeza, ndiyo maana mtaa mzima ukambandika jina la Nusuneno. Hata shuleni mambo yalikuwa hivyo hivyo. Majibu aliyajua lakini hakuyasema, mpaka mwalimu akaamini kwamba hayajui, naye mwenyewe akaja kuamini vivyo hivyo, akaacha shule kabla ya kuimaliza. Karakanani hakuna aliyemdai maneno. Nyaya hazina maswali.

Kazi iliyowapa jina baba na binti ilikuwa kutengeneza nyaya nene za betri. Gari likizeeka, nyaya hizo huliwa na asidi, zikaota unga wa kijani kama ukungu wa mkate, na gari likawa linakohoa tu pasipo kuwaka. Cheche hakuuza nyaya za dukani. Alinunua waya mweusi unaouzwa kwa mita, akaukata kwa kipimo cha gari lenyewe, akauvua ngozi kwenye ncha, akatia lehemu na kuubana kwenye kichwa cha risasi kinachoshika nguzo ya betri. Kila gari lilihitaji nyaya mbili. Mmoja ni waya wa moto, utokao kwenye betri kwenda kwenye stata, mota inayoamsha injini. Wa pili ni waya wa bodi, unaofungwa kwenye chuma cha gari. Zote mbili zilikuwa nyeusi, na ole wake atakayezibadilisha, kwa maana moto hupita njia isiyo yake na gari huungua. Kwa hiyo Cheche alikuwa na desturi yake. Waya wa moto aliuvisha utepe wa kitambaa chekundu, kilichotoka kwenye mabaki ya ushonaji wa mkewe, akauzungushia karibu na kichwa. Mteja akifungua boneti akaona kile kitambaa, alijua kazi ya nani.

Baada ya siku ya sisimizi, binti alianza kuona mengine. Baba aligonga bega kwenye mwimo wa mlango aliouchimbia yeye mwenyewe. Alinyosha mkono kuchukua spana, mkono ukatua kando, ukapapasa kama kuku anayetafuta punje, kisha ukaipata. Aliomba asomewe alama kwenye betri, akisingizia kwamba miwani ameisahau ndani, na miwani hakuwahi kuwa nayo. Asubuhi moja binti alimkuta amesimama juani na nyaya mbili mkononi, mmoja una kitambaa chekundu na mwingine hauna, akizigeuza na kuzigeuza mbele ya uso wake. Alikaa hivyo muda mrefu. Hapo binti akajua, na moyo ukamwenda mbio kama wa mtu aliyeona nyoka chini ya kitanda cha mwenzake aliyelala.

Hakusema. Siku iliyofuata, alipomaliza kuzungusha kitambaa kwenye waya wa moto, aliifunga ncha yake kwa fundo dogo, gumu kama punje ya harage. Akauweka waya mbele ya baba yake, akajifanya anafagia. Cheche aliuchukua, akapitisha kidole gumba, kidole kikafika kwenye fundo kikasimama. Binti aliacha kufagia. Baba hakugeuka wala hakuuliza. Alikohoa kidogo, akaufunga waya mahali pake sawasawa.

Tangu hapo alifanya kazi kwa fundo. Wakawa na siri ya watu wawili ambayo hakuna kati yao aliyewahi kuitamka. Wateja walisifu mikono ya Cheche, kwamba siku hizi anafanya kazi akitazama mbali, kama mpiga ngoma aliyeizoea ngoma yake. Cheche alicheka. Binti aliinama akafunga fundo jingine. Alifikiri kwamba anamsaidia baba yake, na kwa kweli alikuwa akimsaidia, kwa namna ile mtu anavyomsaidia mwenzake kubeba mzigo wa moto.

Basi siku moja akaja Mkunga. Alikuwa mama wa makamo, mpole lakini asiyedanganyika kwa urahisi, na alikuwa na gari kuukuu alilolitumia kuwafuata wajawazito majumbani. Yeye ndiye aliyempokea Nusuneno siku ya kuzaliwa kwake. Alieleza kwamba gari linamgomea asubuhi, na alipofungua boneti, nyaya za betri zilikuwa zimeshikana na ule unga wa kijani mpaka hazionekani. Kisha akamnyoshea Cheche mkono wa salamu, kwa upande. Mkono ukaning'inia hewani. Cheche alikuwa akitabasamu kuelekea kwenye taa za gari.

Mkunga aliurudisha mkono wake taratibu, akauliza, "Fundi, macho yako yakoje siku hizi?"

"Macho yangu mazima, mama," Cheche akajibu. "Ila wateja wamezidi kuwa wabaya wa sura, ndiyo maana siwatazami."

Mke wa fundi alicheka kule kwenye cherehani. Mkunga hakucheka. Aligeuka akamtazama binti, akamuuliza kwa sauti ya chini ya mtu anayetaka kujibiwa, "Na wewe mwanangu, niambie. Baba yako anaona vizuri?"

Mkono wa Cheche ulikuwa juu ya spana, nao ukaacha kucheza. Binti aliutazama ule mkono. Ulikuwa na makovu ya lehemu na kucha nyeusi, na ulikuwa umetulia kama mtu anayesikiliza hukumu mlangoni.

"Anaona," binti akasema.

Hilo ndilo lililokuwa neno zima la kwanza alilowahi kumwambia mteja, nalo lilikuwa uongo. Mkunga akatikisa kichwa, akaliacha gari na kusema atalifuata mchana.

Walifanya kazi pamoja. Binti alizipima nyaya za zamani, akakata mpya kwa urefu ule ule, akazivua, akatia lehemu, akagongea vichwa. Waya wa moto akauvisha kitambaa na kukaza fundo. Cheche aliingia chini ya gari, akafunga ncha moja kwenye stata na nyingine kwenye bodi, kazi ambayo hata mwenye macho huifanya kwa kupapasa, na akaifanya bila kosa. Zikabaki ncha mbili za juu, zimechomoza kando ya betri zikisubiri kufungwa. Hapo ikaonekana kwamba bolti ya kichwa kimoja imelika, haikazi tena. Cheche akamtuma binti dukani kuleta nyingine.

Binti alisita. Hakupenda kumwacha baba peke yake na ncha zile. Alisema, "Baba, usi..."

"Usi nini, mama?"

"Usijali. Narudi sasa hivi."

Akaenda. Duka la vyuma halikuwa mbali, ila muuzaji alikuwa na wateja, na Nusuneno hakuwa mtu wa kupaza sauti ahudumiwe. Alisimama kando na pesa kiganjani, akisubiri kuulizwa.

Huku nyuma, Cheche alikwenda bombani kunawa grisi. Mkewe akatoka kuanika nguo aliyomaliza kushona, akapita mbele ya gari la Mkunga na boneti liko wazi. Aliona ncha mbili za waya, moja imevikwa vizuri kitambaa chekundu na ina fundo lake, nyingine uchi. Moyoni akasema, ndiyo huyu binti yangu, hata kazi anafanya nusu. Na gari lenyewe la Mkunga, mtu aliyewafaa siku ya shida. Maana ya kitambaa alikuwa ameisikia zamani, lakini miaka mingi ya kukikata kila siku ilimfanya akihesabu kuwa pambo, kama kola ya gauni. Hakuna aliyewahi kumwambia kwamba siku hizi kina kazi nyingine. Akachana kipande cha kitambaa kile kile, akauvisha waya wa pili, akamalizia na fundo dogo gumu, lililofanana na la kwanza kama pacha. Akalitazama, akaridhika. Kisha akarudi kwenye cherehani yake. Lilikuwa jambo dogo, hakuona haja ya kulisema. Nyumba ile ilikuwa imezoea kutosema.

Mkunga alirudi mapema kuliko alivyoahidi, tena akihema. Kulikuwa na mama ameshikwa na uchungu upande wa pili wa mji. Cheche akasema bolti ya zamani itashika kwa leo, asubiri kidogo tu. Akaja mbele ya gari, akainama, akanyosha mkono. Waya wa kwanza aliougusa ulikuwa wa bodi. Kidole gumba kikapita, kikakuta fundo. Cheche akaupeleka kwenye nguzo nene ya betri, ile ya moto, akaukaza. Waya wa pili hakuupapasa. Wa kwanza ukishajibu, wa pili hauna haja ya kuulizwa.

Kilipogusa nguzo, kichwa cha pili kililia kama mjeledi. Cheche kubwa ya buluu ikaruka, na risasi ikayeyuka ikashikana na nguzo papo hapo. Nyaya za ndani zikaanza kutoa moshi, ngozi zake zikachuruzika, na waya mmoja ukawa mwekundu kama makaa. Fundi alijua mara moja kilichotokea. Alijua pia dawa yake: kuung'oa waya, haraka. Ila hakujua ulipo. Mkunga alipaza sauti kwamba ni kushoto, kushoto kwako, naye akapeleka mkono kushoto, akaushika sawasawa. Akaushika ule uliokuwa mwekundu.

Binti alirudi na bolti mpya akakuta watu wakimwagia gari mchanga. Baba yake alikuwa ameketi chini, mkono wa kulia ameuinua mbele yake kana kwamba ni wa mtu mwingine, na ngozi ya kiganja ilikuwa imebaki kwenye waya. Mkunga alikuwa amemfunga kwa kitambaa safi, akapanda pikipiki ya mpita njia kumwahi mgonjwa wake. Mke wa fundi alisimama mlangoni, mikono kichwani. Na katika watu waliojazana, mmoja akasema kwa sauti kile ambacho wengine walikuwa wakikifikiria, kwamba fundi mzoefu hawezi kukosea hivyo isipokuwa amelewa.

Hospitalini walimsafisha jeraha. Siku Cheche na binti yake waliporudi kubadilisha bandeji, Mkunga aliwavizia mlangoni, akamshika Cheche kwa mkono wa shati kama anavyoshikwa mtoto mtoro, akampeleka chumba cha macho. Cheche hakupinga. Alikuwa ameishiwa na mizaha.

Daktari wa macho aliangalia kwa muda mrefu. Kisha akaeleza kwamba ni presha ya macho, ugonjwa usiouma wala usiopiga hodi. Macho hufa kuanzia pembeni kuelekea katikati, kama karatasi inayoungua kingo. Jicho la kulia limeshakwisha. La kushoto limebaki tundu dogo, nalo linafungwa. Alisema kuna matone ambayo yangeuzuia ugonjwa pale pale ulipokuwa, endapo angefika mapema, hata miezi michache tu nyuma. Kilichokwisha kwenda hakirudi. Kuhusu mkono, daktari mwenzake alikwishawaambia: vidole vitapona, ila kidole gumba hakitahisi tena.

Binti alisikiliza akitazama sakafu. Alikuwa akiwaona sisimizi.

Njiani Cheche alisema neno moja tu. Alimwomba mwanawe, tena kwa sauti ambayo binti hakuwahi kuisikia kwake, kwamba mama asijue; Mkunga naye alikwishaombwa asiitoe siri ya mgonjwa. Babu yake Nusuneno, baba mzazi wa Cheche, alipofuka akamaliza maisha kwenye kigoda uani, wakimtoa asubuhi na kumwingiza jioni pamoja na nguo zilizoanikwa, na watoto wakimtupia maganda wacheke anavyoshtuka. Cheche mwenyewe alikuwa mmoja wa watoto hao. Afadhali aitwe lolote, ila si hilo.

Basi akaitwa mlevi. Mkewe alimkabili siku ile ile, machozi yakimtoka, akamtaka aseme ukweli kama alikuwa amekunywa. Cheche aliinamisha kichwa akasema ndiyo. Kuanzia hapo mkewe hakumsemesha. Alimwekea chakula mlangoni, akageuka. Wateja wakaja kuondoa magari yao mmoja mmoja, wengine bila salamu. Kijana mmoja mwenye ulimi wa pilipili alipita akauliza, "Cheche, leo umeamkia chupa gani?" Cheche akacheka naye, kicheko kikavu kama cha mlango mbovu. Binti aliketi pembeni na kipande cha waya, akifunga fundo na kulifungua. Usiku na mchana alijiuliza swali moja: fundo lake lililegea? Alikuwa amelikaza vibaya? Hakuwa na shaka kwamba mkono uliomchoma baba yake ni wake.

Mwisho mke wa fundi akakata shauri la kulikodisha banda, wapate cha kujikimu. Alasiri moja alianza kutoa vitu humo. Cheche alikuwa ameketi kwenye ndoo iliyogeuzwa, uso ameuelekeza barabarani kama anayetazama wapita njia. Mkewe aliokota zile nyaya za gari la Mkunga, zimekakamaa na kuungua katikati. Kichwa kimoja kilikuwa kimeyeyuka, lakini vitambaa vilikuwa bado vimeshika, vimegeuka rangi ya kahawia.

"Na kazi nilikuwa nimewapambia kabisa," akasema kwa uchungu, akimsemesha binti lakini akitaka mume asikie. "Wewe uliufunga mmoja, mimi nikaufunga na wa pili, fundo kwa fundo, gari la watu lipendeze. Yeye akaja na pombe zake."

Binti aliinuka. Alizichukua nyaya mikononi mwa mama yake, akatazama. Mafundo mawili. Moja aliliona kuwa ni lake. La pili lilikuwa zuri zaidi, lililokazwa na mkono wa fundi cherehani. Upande wa ndoo alisikia pumzi ya baba ikikatika. Naye alikuwa ameelewa.

"Nyamaza, mwanangu," Cheche akamwambia binti yake, polepole, kabla hajasema chochote. "Nakuomba. Liache lipite."

Kulikuwa na mambo mawili kinywani mwa binti, na yote mawili yalikuwa kisu. Akinyamaza, baba atakufa akiwa mlevi ambaye hakuwahi kulewa. Akisema, mama atajua ni mkono gani uliofunga lile fundo. Alimtazama baba yake, ambaye alikuwa akiutazama ukuta akidhani anamtazama yeye. Maisha yake yote alikuwa amemeza nusu ya kila neno. Safari hii halikumezeka.

"Baba hakunywa," akasema. "Baba haoni. Haoni tangu zamani, na mimi nilijua, nikanyamaza. Mteja aliniuliza, nikamdanganya. Alikuwa akifanya kazi kwa kupapasa. Waya wenye fundo ndio wa moto, usio na fundo ndio wa bodi. Lile fundo, mama, ndilo lililokuwa jicho lake."

Mama alizitazama nyaya. Akatazama vidole vyake mwenyewe. Kisha akamtazama mumewe, na kwa mara ya kwanza akaona jinsi anavyotazama: kichwa kimeinuliwa kidogo, sikio mbele, kama babu uani.

"Ni kweli?" akamuuliza.

"Sioni, mke wangu," Cheche akasema.

Ukelele alioutoa mama yule uliruka ukuta na mabati, ukafika bombani na dukani, hata wanawake wa nyumba za jirani wakaacha masufuria yao wakaja mbio wakijitanda vichwani, na wanaume wakavua kofia kabisa huko huko nje. Wakakuta mama amekaa chini amekumbatia nyaya mbili zilizoungua, na fundi kwenye ndoo yake akitafuta kichwa cha mkewe kwa mkono wa bandeji, asikipate. Wakauliza nani amefariki. Walitazama wenyewe, mmoja baada ya mwingine, mkono ule ukipapasa hewani, nao wakajua kile ambacho fundi alikificha kwa mizaha na mwanawe akakificha kwa ukimya.

Mficha maradhi, kilio humfichua.